Ubia wa Serikali na Kampuni Binafsi katika Miundombinu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya msomaji anayesikia neno PPP, kifupi cha Kiingereza cha ubia huu, kila bajeti inaposomwa Dodoma au Nairobi, lakini hajapata mtu wa kumfafanulia ni nani hasa anatoa fedha na ni nani anazirudisha. Mifano imetoka Tanzania, Kenya na Uganda, kwa kuwa mikataba ya aina hii imeishi huko muda wa kutosha kuonyesha tabia zake: mingine imemaliza muda wake, mingine imevunjwa njiani, na mingine imefikishwa mbele ya wasuluhishi wa kimataifa.

Ubia ni nini, na unatofautianaje na ukandarasi wa kawaida?

Ubia wa sekta ya umma na sekta binafsi ni mkataba wa muda mrefu ambao kampuni binafsi inachukua kazi ambayo kwa desturi ingefanywa na Serikali, inaingiza fedha zake na za wakopeshaji wake, kisha inarudishiwa fedha hizo pamoja na faida kadiri huduma inavyotolewa. Mkandarasi wa kawaida hulipwa kwa hati za malipo kadiri kazi inavyosonga. Akishakabidhi barabara na kipindi cha uangalizi kikaisha, mashimo yatakayotokea mwaka wa saba hayamhusu. Mbia yanamhusu, kwa kuwa bado anadai, na barabara mbovu haimlipi.

Kwa kipimo hicho, reli ya SGR kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma si ubia, wala Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 si ubia. Kampuni za Uturuki na Misri zilijenga, lakini zilijenga kama wakandarasi, na fedha zilitoka kwa Serikali, ama kwenye kodi ama kwenye mikopo iliyokopwa kwa jina la nchi. Ubia vilevile si ubinafsishaji, maana mali haiuzwi moja kwa moja. Mkataba ukiisha hurudi kwa umma, ingawa namna inavyorudi ina miiba yake, nami nitaieleza mwishoni.

Tanzania ilitoa Sera ya Ubia mwaka 2009 na kutunga sheria yake mwaka 2010, ambayo ni Sura ya 103 na imerekebishwa mara kadhaa tangu hapo. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2013, kisha ikaifuta na kuweka nyingine mwaka 2021.

Tunaambiwa mradi wa ubia hautaigharimu Serikali hata senti moja. Ni kweli?

Si kweli, na kama msomaji atashika jambo moja tu katika majibu haya, ningependa liwe hili. Kuna kutoa fedha za kuanzia, na kuna kulipa. Hotuba nyingi huyachanganya mambo haya mawili, na mchanganyiko huo ndio unaozaa manung'uniko miaka kumi baadaye.

Fedha za kuanzia hutolewa na kampuni maalumu inayosajiliwa kwa ajili ya mradi huo mmoja tu. Wanahisa wake huweka mtaji, mara nyingi kati ya robo na theluthi ya gharama yote, na sehemu kubwa inayobaki hukopwa benki au katika taasisi za maendeleo. Mkopeshaji hamtazami sana mwenye kampuni. Anautazama mkataba, kwa sababu mapato ya mkataba huo ndiyo yatakayorudisha mkopo wake. Ndiyo maana mawakili wa benki huisoma kila ibara kwa makini kuliko mtu mwingine yeyote mezani, na inasikitisha kwamba mara nyingi upande wa umma hauna msomaji wa aina hiyo.

Kulipa ni habari nyingine. Anayelipa ni mtumiaji, kwa njia ya tozo au ankara, au mlipa kodi, kwa njia ya malipo ambayo wizara huyatenga kila mwaka katika bajeti. Kuna miradi inayochanganya njia hizo mbili, kwa mfano pale Serikali inapotoa ruzuku ya kuziba pengo ili nauli ya basi au bei ya maji isimshinde mwananchi. Mlipaji wa tatu hayupo. Kampuni haikutoa zawadi, imetukopesha muda.

Kama ni mkopo kwa jina jingine, kwa nini Serikali isikope yenyewe kwa riba nafuu?

Hili ni swali la haki kabisa, na anayeutetea ubia kwa kulikwepa hautendei ubia wenyewe haki. Kwa kawaida Serikali hukopa kwa masharti nafuu kuliko kampuni, na kampuni pia inataka faida juu ya riba. Kwa hiyo mradi wa ubia huanza safari ukiwa na mzigo mzito zaidi wa gharama za fedha, na ni lazima uufidie mzigo huo mahali pengine: ujenzi umalizike kwa muda na kwa bei iliyokubaliwa, matengenezo yafanyike kila mwaka badala ya kusubiri mgao wa hazina, mapato yakusanywe vizuri, au kihatarishi fulani kizito, yaani jambo linaloweza kuleta hasara, kihame kweli kutoka kwa umma kwenda kwa kampuni.

Upembuzi yakinifu unapaswa kulinganisha njia zote mbili kwa namba, yaani gharama ya Serikali kujenga yenyewe kwa miaka yote, na gharama ya kupitia kwa mbia kwa miaka hiyohiyo. Sababu ya kwamba hazina haina fedha mwaka huu haitoshi, kwa kuwa fedha ambazo hazipo mwaka huu zitatakiwa mwaka wa kumi, na zitatakiwa na mtu mwenye mkataba mkononi.

Daraja la Kigamboni ni ubia? Mbona tunalipia daraja lililojengwa na taasisi ya umma?

Daraja la Nyerere, lenye urefu wa mita 680, lilifunguliwa Aprili 2016, na gharama zake zilibebwa na Mfuko wa Hifadhi ya Jamii wa NSSF kwa asilimia 60 na Serikali kwa asilimia 40. Kwa maana kali ya neno, si ubia na kampuni binafsi, kwa kuwa pande zote mbili ni za umma. Lakini kwa namna fedha zinavyozunguka, ni darasa zuri kuliko mifano mingi ya vitabuni.

Simama asubuhi kwenye vibanda vya malipo upande wa Kigamboni. Mwenye bodaboda anapunguza mwendo, mkono mmoja uko kwenye usukani na mwingine unachomoa noti iliyokunjwa mara nne. Nyuma yake bajaji ina abiria watatu wanaowahi Kariakoo, na abiria mmoja anamuuliza dereva kwa nini watu wa Salenda hawalipii daraja lao. Swali lake ni zito. Fedha zilizojenga daraja la Kigamboni ni akiba za wanachama, yaani mlinzi, mfanyakazi wa kiwandani na karani wa kampuni, na akiba hizo zinapaswa kurudi zikiwa na faida ili mwanachama akistaafu apate mafao yake. Daraja la Tanzanite, ambalo wengi bado tunaliita la Salenda, lilijengwa kwa mkopo wa Serikali, kwa hiyo linalipwa na walipa kodi wote, akiwamo mkulima wa Namtumbo asiyewahi kulivuka.

Mwaka 2022 Serikali ilipunguza tozo za Kigamboni baada ya malalamiko ya miaka mingi. Wakazi walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Hata hivyo shilingi iliyoondolewa kwenye kibanda lazima ipatikane kwingine, ama kwa kurefusha muda wa kukusanya, ama kwa hazina kufidia, ama kwa mfuko kupata pungufu. Mtu akitangaziwa punguzo la tozo, aulize ni ipi kati ya njia hizo iliyochaguliwa.

Kwa nini tozo ya barabara ya juu ya Nairobi ilipanda muda mfupi baada ya kufunguliwa?

Barabara hiyo ya kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands kupitia katikati ya jiji, ilijengwa na China Road and Bridge Corporation kwa mpango wa kujenga, kuendesha na kukabidhi, na ilianza kutumiwa na umma Mei 2022. Inaendeshwa na kampuni ya Moja Expressway, ambayo itaikabidhi kwa Serikali baada ya takriban miaka 27 ya uendeshaji. Mwanzoni gari dogo lililosafiri kutoka Mlolongo hadi Westlands lililipa shilingi 360 za Kenya. Kuanzia Januari 2024 likalipa 500.

Sababu kubwa ni sarafu. Dereva hulipa kwa shilingi, lakini hesabu za mwekezaji na mikopo yake ziko katika dola, na mkataba uliruhusu tozo kurekebishwa thamani ya shilingi inaposhuka. Barabara ilipofunguliwa, dola moja ilikuwa takriban shilingi 116. Mwishoni mwa 2023 ilikuwa imefika takriban 157. Mwendesha gari wa Syokimau hakufanya lolote kuishusha shilingi, lakini ndiye aliyebebeshwa tofauti hiyo.

Kwa maoni yangu, hiki ndicho kifungu ambacho wabunge wa nchi zetu wangepaswa kukitafuta kwanza katika kila mkataba. Mapato yakiwa ya shilingi na deni likiwa la dola, kuna mtu amebeba kihatarishi cha sarafu, na kama mkataba umenyamaza kuhusu jina lake, basi ni wewe. Barabara ya Nairobi ina jambo moja la kuipunguzia lawama, nalo ni kwamba Barabara ya Mombasa bado iko palepale chini ya nguzo, haina malipo, na asiyetaka kulipa anaweza kuipita, hata kama atachelewa.

Kugawana vihatarishi maana yake nini hasa?

Kanuni inayofundishwa kila mahali ni kwamba kila kihatarishi kiwekwe kwa yule anayeweza kukidhibiti vizuri zaidi. Ujenzi ukichelewa kwa uzembe wa kampuni, kampuni igharamie. Ardhi isipopatikana kwa wakati, Serikali igharamie, kwa sababu ndiyo yenye mamlaka ya kutwaa ardhi na kulipa fidia. Kanuni ni nyepesi kuitamka, lakini ugumu unaonekana mahali ambapo kazi za pande mbili zinakutana.

Tuangalie mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana, katika Kaunti ya Marsabit nchini Kenya. Kampuni binafsi ilisimamisha mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310, na ikaimaliza mwaka 2017. Njia ya kusafirisha umeme huo hadi Suswa, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 400, ilikuwa jukumu la upande wa Serikali. Mkandarasi wa njia hiyo, kampuni ya Uhispania, alifilisika kabla ya kumaliza kazi, na waya haukufika hadi Septemba 2018. Kwa zaidi ya mwaka mzima mapanga yalisimama tayari jangwani huku upepo ukivuma, na kwa kuwa kampuni ilikuwa imetimiza wajibu wake, mkataba ukaitambua kana kwamba ilikuwa ikizalisha. Serikali ikajikuta inadaiwa fedha za umeme ambao haukuwasha balbu hata moja.

Upande wa Dar es Salaam kuna mfano wa udongo na maji. Awamu ya kwanza ya mabasi yaendayo haraka, iliyoanza kutoa huduma Mei 2016, ilifuata mtindo wa Serikali kujenga barabara, vituo na karakana kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na kampuni kuleta na kuendesha mabasi. Karakana ikawekwa Jangwani, katika bonde la Mto Msimbazi. Kila masika makubwa yanapokuja, maji hupanda, huduma husimama, na kuna misimu ambayo mabasi yalikutwa na maji hadi kwenye injini. Nani alipie injini iliyolowa: mwenye basi ambaye hakuchagua eneo, au mwenye eneo ambaye haendeshi basi? Swali la namna hiyo linapaswa kujibiwa mezani kabla mkataba haujatiwa saini. Likiachwa lijibiwe na mafuriko, abiria aliyesimama Magomeni ndiye atakayesubiri jibu.

"Kapasiti chaji" ni nini, na kwa nini inachukiwa?

Ni malipo ambayo shirika la umeme humlipa mzalishaji binafsi kwa ajili ya kuwa na mtambo uliokamilika na ulio tayari, hata siku ambazo haukuwashwa. Ukikodi gari kwa mwezi, utalilipia hata siku ulizoliegesha nyumbani. Mantiki ni hiyohiyo. Bila malipo hayo hakuna benki ambayo ingekopesha, kwa kuwa mnunuzi ni mmoja tu na akiamua kutonunua hakuna mwingine wa kumuuzia.

Tatizo huanza pale mtambo unapokuwa ghali kuliko inavyostahili, au nchi inaponunua uwezo kuliko inavyouhitaji. Tanzania ililipa ada kubwa sana ya somo hili kwa mtambo wa kampuni binafsi ya IPTL wa Tegeta, wenye uwezo wa megawati 100, unaotumia mafuta mazito. Mkataba wa miaka 20 ulisainiwa mwaka 1995, wakati nchi ilikuwa imechoshwa na mgawo wa umeme. Mabishano juu ya gharama halisi za ujenzi yalipelekwa kwa wasuluhishi wa kimataifa, na mtambo haukuanza kuuza umeme hadi mwaka 2002. TANESCO iliendelea kuamini kwamba inatozwa kupita kiasi, ndipo ikafunguliwa akaunti maalumu katika Benki Kuu ya kuhifadhi fedha zenye ubishi. Fedha hizo zilipotolewa, mwaka 2014 Bunge likawaka moto, na neno "Escrow", jina la Kiingereza la akaunti ya aina hiyo, likaingia katika Kiswahili cha vijiweni hadi leo.

Kinachosahaulika katika sakata hilo ni chanzo chake. Hesabu za kapasiti zilijengwa juu ya kiasi cha mtaji ambacho wawekezaji walisema watauweka, na ubishi wa miaka mingi ulikuwa juu ya kama mtaji huo uliwekwa kweli. Nchi iliyokaa gizani hujadiliana kwa haraka, na haraka hiyo huandikwa ndani ya bei.

Kwa nini ubia wa maji wa Dar es Salaam ulivunjika?

Agosti 2003, kampuni ya City Water, iliyoundwa na kampuni za Uingereza na Ujerumani pamoja na mbia wa Kitanzania, ilikabidhiwa kazi ya kuendesha huduma ya maji jijini kwa mkataba wa miaka 10. DAWASA ilibaki na umiliki wa mabomba na mitambo, na taasisi za fedha za kimataifa zilikubali kukopesha fedha za kukarabati mfumo uliochakaa. Mei 2005, kabla ya miaka miwili kutimia, Serikali ilitangaza kuuvunja mkataba.

Kampuni ilikuwa imeshinda zabuni kwa bei ya chini mno, kisha ikashindwa kukusanya mapato iliyoyatarajia. Mfumo wake wa ankara uliyumba, na makusanyo yakawa hafifu. Nyumba nyingi jijini hazikuwa na maji ya bomba ya uhakika, na familia zilinunua maji kwa ndoo kutoka kwa wachuuzi wa mikokoteni kwa bei kubwa kuliko ya mwenye bomba. Mtu anayenunua maji kwa ndoo hawezi kuelewa kwa nini alipe ankara ya bomba linalokoroma hewa.

Shauri lilifika katika kituo cha Benki ya Dunia cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji, na uamuzi wa Julai 2008 unafaa kusomwa na kila mwanasheria wa Serikali. Wasuluhishi waliona kwamba Tanzania ilikiuka wajibu wake kwa namna ilivyoichukua kampuni na kuwaondoa nchini viongozi wake kabla utaratibu wa mkataba haujakamilika. Hata hivyo hawakuipa kampuni fidia yoyote, kwa kuwa walikuta biashara yenyewe ilikuwa imeshapoteza thamani kabla ya hatua hizo. Kwa maneno mengine, Serikali ilikuwa na sababu nzuri za kuvunja mkataba na njia mbaya ya kuuvunja.

Reli nazo zina historia yake. Mkataba wa miaka 25 wa reli ya kati na kampuni ya India, uliosainiwa 2007, uliishia njiani baada ya miaka michache, na ule wa reli ya Kenya na Uganda chini ya Rift Valley Railways, ulioanza 2006, ulivunjwa 2017.

Je, madeni ya ubia yanahesabiwa katika deni la taifa?

Mkopo wa kampuni ya mradi kwa kawaida hauhesabiwi, kwa kuwa mkopaji ni kampuni. Lakini Serikali inapotoa dhamana, au inapoahidi kulipia huduma kwa miaka 20, au inapokubali kulipa fidia mkataba ukivunjwa, imejifunga. Wataalamu wa hazina huyaita haya madeni yanayoweza kujitokeza. Wizara makini huyaorodhesha, huyakadiria na kuyachapisha pamoja na bajeti.

Kampuni inaweza kuleta mradi wake yenyewe bila zabuni?

Sheria za Tanzania na Kenya zinaruhusu miradi inayoibuliwa na sekta binafsi, kwa masharti. Wazo lenyewe si baya. Wakati mwingine kampuni huona fursa ambayo wizara haijaiona. Hatari yake ni kwamba mwenye wazo huja na bei yake, na hakuna mwingine wa kumlinganisha naye.

Kenya ilipitia jaribu hilo mwaka 2024. Kampuni ya Adani ya India ilikuwa imependekeza kuupanua na kuuendesha Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta kwa miaka 30, na wananchi walizijua habari hizo baada ya nyaraka kuvuja. Septemba, Mahakama Kuu ilisimamisha mchakato na wafanyakazi wa uwanja wakagoma. Tarehe 21 Novemba, Rais William Ruto alitangaza bungeni kuufuta mpango huo, pamoja na ule wa kampuni hiyohiyo wa kujenga njia za kusafirisha umeme, baada ya mashtaka dhidi ya mwasisi wa kampuni hiyo kufunguliwa Marekani. Pendekezo la aina hii lingewekwa wazi mapema, na washindani wakapewa nafasi ya kuleta bei bora, huenda mjadala ungekuwa juu ya uwanja wenyewe badala ya kuwa juu ya siri.

Je, mwananchi ana haki ya kuusoma mkataba?

Naamini anayo, na sioni sababu ya kibiashara inayoweza kuzidi haki hiyo kwa huduma atakayoilipia miaka 30. Siri halali zipo, kama vile teknolojia ya kampuni, lakini muda wa mkataba, kanuni ya kupandisha bei, dhamana na masharti ya kuvunja si siri za biashara.

Mwaka 2023 Watanzania walionyesha kwamba wanaweza kusoma. Makubaliano ya Tanzania na Dubai kuhusu bandari, ambayo Bunge liliyaridhia tarehe 10 Juni, yalisambaa kwenye simu, na watu wasio wanasheria wakayajadili ibara kwa ibara kwenye daladala, misikitini na makanisani. Lalamiko lililorudiwa zaidi lilikuwa kwamba ukomo wa muda haukuonekana. Shauri lililofunguliwa Mahakama Kuu ya Mbeya lilitupwa mwezi Agosti, lakini mikataba mahususi iliyosainiwa na DP World, kampuni ya bandari ya Dubai, tarehe 22 Oktoba ilitajwa hadharani kuwa ya miaka 30, yenye kupimwa utendaji kila baada ya miaka mitano. Mjadala ule ulikuwa na maneno makali na mengine yasiyofaa, ila siwezi kuamini kwamba haukuchangia chochote katika uwazi huo.

Migogoro huamuliwa wapi?

Hutegemea mkataba. Marekebisho ya sheria ya Tanzania ya mwaka 2018 yalitaka migogoro ya ubia isuluhishwe nchini. Wawekezaji na wakopeshaji wakasita, na marekebisho ya mwaka 2023 yakafungua tena mlango wa usuluhishi wa kimataifa.

Mwananchi mwenye akiba ndogo anaweza kushiriki upande wa mapato?

Anaweza, ingawa njia bado ni chache. Mfano wa karibu ni hati fungani ya kijani, yaani hati ya mkopo wa miradi inayojali mazingira, ya Mamlaka ya Maji ya Tanga, iliyotolewa mwaka 2024 kwa shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10 na riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, na kuorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Si ubia kwa maana ya sheria, lakini inajibu swali lilelile la kupata fedha za kujenga bila kusubiri hazina, na deni lake ni la shilingi, kama yalivyo mapato ya ankara za maji. Kwa kumbukumbu ya yaliyotokea Nairobi, faida hiyo ya mwisho si ndogo.

Mkataba ukiisha, mali inakuwa ya nani?

Kwa maandishi hurudi kwa umma. Kwa vitendo kuna maswali mawili: inarudi ikiwa katika hali gani, na kuna deni gani lililobaki.

Uganda ilikutana na swali la pili mwaka 2025. Umeme, kampuni iliyosambaza umeme nchini humo tangu 2005, ilimaliza mkataba wake wa miaka 20 tarehe 31 Machi, na mkataba ulitaka Serikali ilipe uwekezaji ambao haukuwa umerudishwa kupitia bei ya umeme. Serikali ililipa takriban dola milioni 118. Kampuni ikasema inadai zaidi sana, na ubishi ukapelekwa kwa wasuluhishi London. Kila transfoma iliyofungwa mwaka wa 18 wa mkataba iligeuka kuwa swali: iliidhinishwa na nani, na kwa bei gani?

Tanzania imepitia makabidhiano kadhaa hivi karibuni. TICTS, iliyoendesha kitengo cha makontena cha Bandari ya Dar es Salaam tangu mwaka 2000 na kuongezewa muda mapema kabla mkataba wa kwanza haujaisha, iliondoka mwishoni mwa 2022. Mkataba wa Songas, uliokuwa ukigeuza gesi ya Songo Songo kuwa umeme pale Ubungo tangu 2004, ulifika ukomo mwishoni mwa Julai 2024, miezi michache tu baada ya Bwawa la Julius Nyerere kuanza kuzalisha. Nchi yenye umeme wa kutosha hukaa mezani kwa utulivu ambao wale waliosaini mwaka 1995 hawakuwa nao.

Kuhusu hali ya mali, ningeshauri ukaguzi wa pamoja uanze angalau miaka mitano kabla ya ukomo, na sehemu ya mapato ya mbia izuiliwe hadi kasoro zirekebishwe. Hayo yaandikwe siku ya kutia saini, kwa kuwa mbia aliyebakiza miezi sita hana sababu ya kununua vipuri vya mtambo ambao kesho si wake.